Simama Mwenzako Anapopiga

Mchezaji tenisi Stefan Edberg wa Uswidi hakusifika kwa kupiga mpira wa kuanzia kwa kishindo. Kishindo kilikuwa cha Boris Becker, Mjerumani aliyekutana naye kwenye fainali tatu mfululizo za Wimbledon, mwaka 1988 hadi 1990. Edberg aliupa mpira mzunguko mwingi, ukapaa, ukavuka wavu bila haraka, kisha ukadunda na kuruka hadi kwenye bega la mpokeaji. Mpira ulipokuwa bado uko njiani, naye alikuwa njiani akiufuata. Katika fainali hizo tatu alishinda mbili. Ile ya 1990 ilifika seti ya tano, Becker akiongoza gemu tatu kwa moja, na Edberg akaendelea kupanda wavuni vilevile hadi akaimaliza kwa sita kwa nne.

Nadhani wengi tunaotazama mchezo wa namna hii hudhani siri yake ni mbio. Lakini pima uwanja. Kutoka mstari wa nyuma hadi wavuni ni mita 11.89, na hakuna mtu anayeweza kuanzisha mpira kisha akaumaliza umbali huo kabla haujarudi. Hata aliye mwepesi huwa amefika karibu na mstari wa servisi tu, mita 6.40 kutoka wavuni, mpinzani anapopiga. Ndiyo maana mpira wa polepole wenye mzunguko ulimfaa Edberg: kila nukta uliyokaa hewani ilimpa nafasi ya kusogea zaidi.

Kazi yenyewe iko pale anapokatisha mbio. Kwa anayetumia mkono wa kulia, mguu wa kushoto ndio unaotua kwanza ndani ya uwanja baada ya kuanzisha. Zinafuata hatua tatu au nne za nguvu, kifua mbele, kuelekea upande ule ule mpira ulikokwenda. Halafu, raketi ya mpinzani inapokuja kuukuta mpira, anajirusha kidogo tu, soli zikiachana na ardhi kwa shida, na miguu yote miwili inatua pamoja. Imeachana kuzidi mabega, magoti yamekunjwa, visigino havijagusa chini. Kwa kitambo hicho haendi kokote, na kwa sababu hiyo anaweza kwenda popote. Mpira ukija kulia, mguu wa kushoto unavuka kwa mshazari kwenda mbele; ukija kushoto, unavuka wa kulia. Anayekutwa bado anakimbia ameshachagua upande, na mpira utampita upande wa pili.

Mimi nimejifunza tenisi ukubwani, kwenye uwanja wa saruji, kwa kocha kijana asiyechoka kurudia jambo moja: “Dada, simama akipiga, siyo ukifika!” Sentensi hiyo imenisaidia zaidi nyumbani kuliko uwanjani. Mahali pa kusimama hapachaguliwi na miguu yangu wala na hamu yangu ya kufika wavuni. Panaamuliwa na mwenzangu, kwa wakati wake. Akipiga nikiwa nimefika nusu ya njia, basi nusu ya njia ndipo nitakapotua.

Binti yangu yuko kidato cha pili, umri ambao jibu la neno moja humtosha. Nikitaka kuzungumza naye juu ya masomo, mimi ndiye ninayeanzisha. Nikimwuliza, “Mbona matokeo yako yamekuwa hivi?” jibu linarudi la moto kabla sijajiweka sawa. Lakini nikimwuliza tukiwa tunachambua mchele, “Fizikia siku hizi inawaendeaje?” swali linakaa hewani, nami napata muda wa kumsogelea. Kisha anafungua mdomo. Hapo huwa na hoja mbili tatu nilizozipanga tangu asubuhi, na zote zinanisukuma mbele. Naziacha. Natulia nimsikilize, maana sijui atapiga wapi. Siku moja alinijibu, “Mama, nataka kuiacha Fizikia nichukue masomo ya biashara.” Ningekuwa bado nakimbilia suala la alama, neno hilo lingenipita, na sidhani angelirudia. Tukaongea hadi mchele ukasahaulika.

Wachezaji wa kupanda wavuni kila wanapoanzisha wamebaki wachache. Mwaka 2001 Wimbledon ilianza kutumia nyasi za aina moja tu badala ya mchanganyiko wa zamani, mpira ukawa unadunda juu zaidi, na mwaka uliofuata Lleyton Hewitt na David Nalbandian walicheza fainali wakiwa wamekita kambi mstari wa nyuma. Raketi na nyuzi za kisasa nazo zimempa mpokeaji silaha kali. Sibishani na hesabu hizo. Hata hivyo, nawasihi makocha wanaofundisha watoto wasiuache mchezo huu, kwa kuwa hakuna unaofundisha mapema zaidi kwamba ukishaanzisha jambo, mwingine ana zamu yake. Hauhitaji gharama. Mtoto aanze bila mpira, aige kuanzisha kisha akimbie mbele, na kocha asimame ng’ambo ya wavu apige kofi wakati wowote anaotaka, mara mapema, mara kwa kuchelewa. Kofi likilia, miguu yote miwili iwe chini.