Wajuao Kuruka Nyotani, Je, Koroboi Wataiweza?

Usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, umeme ulipotea karibu nchi nzima. Kwetu nyumbani simu ziliisha chaji moja baada ya nyingine, na mshumaa wa pekee uliokuwa jikoni ukayeyuka wote. Tukabaki kusikilizana gizani. Ndipo binti yangu, wakati huo akiwa kidato cha tatu na mpenzi mkubwa wa riwaya za kisayansi, alipouliza swali lililonikosesha usingizi.

"Baba, hawa watu wa vitabuni wanaosafiri kutoka nyota moja hadi nyingine, chombo chao kikianguka porini wataweza kutengeneza koroboi?"

Kakake akaangua kicheko. "Aliyeweza kubwa atashindwaje na dogo?"

Msomaji mpendwa, wengi wetu tungejibu hivyo hivyo, nami nilikaribia kumuunga mkono. Lakini mimi ni mwana wa fundi wa bati. Marehemu baba alitulea watoto sita kwa kuuza koroboi, makarai na mabomba ya kuteka maji ya mvua, na kila nilipoisogelea meza yake ya kazi alinifukuza. "Wewe shika kalamu," alikuwa akiniambia, akinionyesha vidole vyake vilivyobabuka. Nikashika kalamu. Na sasa niko hapa, baba wa watu, nimekaa gizani na shahada yangu.

Nikaamua kujaribu. Nilitoboa kifuniko cha kopo la kakao kwa msumari, nikapitisha kitambaa, jirani akatugawia mafuta ya taa kidogo. Utambi ukateleza ukatumbukia ndani. Nikatia mwingine mnene zaidi. Huo uliwaka kwa moshi mweusi, kisha moto ukaanza kutambaa juu ya kifuniko kizima. Mama watoto akarusha kitambaa kilicholowa, akauzima, akatuamuru sote tukalale.

Kilichokosekana ni kile kijibomba chembamba cha bati ambacho hushika utambi wima na kuuweka moto mbali na mafuta. Nilikuwa nimekiona maelfu ya mara utotoni. Kamwe sikujiuliza kilikuwa na kazi gani.

Waandishi wa bunilizi za kisayansi wamelizungukia swali la binti yangu kwa zaidi ya karne moja, na hawakubaliani. Mwanangu wa kiume ana wakili wake, naye ni Mfaransa Jules Verne. Katika riwaya yake ya kisiwa cha siri, iliyotoka mwaka 1874 na 1875, watu watano wanaanguka na puto kisiwani karibu mikono mitupu. Mhandisi Cyrus Smith anachukua vioo vya saa mbili, anavigandanisha kwa udongo, anajaza maji katikati na kuwasha moto kwa jua. Kabla ya hadithi kwisha wamefua chuma na hata kutandaza waya za telegrafu. Lakini Verne hakutuacha hivi hivi. Anatueleza kwamba Smith alikuwa mhandisi wa ile jamii iliyoanza kazi kwa kushika nyundo na sururu.

Wakili wa binti yangu ni Mmarekani Isaac Asimov. Katika kitabu chake Foundation cha mwaka 1951, dola iliyotawala nyota zote ina mitambo mikubwa ya nishati, na watunzaji wake wamerithi kazi kwa baba zao. Mfanyabiashara mmoja mgeni anamuuliza mtunzaji: sehemu fulani ya mtambo ikivunjika, utaitengeneza? Mtunzaji anawaka hasira, kwa sababu hawezi. Kingine kinachonipendeza hapo ni kwamba dola hiyo haijui kuunda kitu kidogo. Kinga ya kulinda mji mzima wanayo. Ile ya kuvaliwa na mtu mmoja kiunoni inawashangaza. Na katika hadithi fupi ya mwaka 1958 Asimov anatupeleka mbali zaidi: majenerali wanapigwa na butwaa kumwona fundi mdogo akizidisha namba kwa karatasi na kalamu, bila kompyuta. Wanafunzi mnaokokotoa kwa simu, itafuteni hadithi hiyo.

Utasema hizo ni hadithi tu. Basi tutazame roketi ya Saturn V, iliyowapeleka watu mwezini kati ya mwaka 1969 na 1972. Chini yake zilifungwa injini tano ziitwazo F-1, kila moja ikisukuma kwa nguvu ya karibu tani 680. Roketi hiyo iliruka mara ya mwisho mwaka 1973. Kuna uvumi kwamba michoro yake ilipotea. Si kweli, ilihifadhiwa kwenye filamu. Hata hivyo, wahandisi vijana wa kituo cha Marshall, huko Huntsville, Alabama, walipotaka kuielewa injini hiyo waligundua kwamba michoro haikutosha. Mafundi wa zamani walikuwa wakirekebisha mambo kwa mikono yao, hapa wakichomelea hivi, pale vile, na mengi hawakuyaandika. Ikabidi injini kuukuu itolewe ghalani na kufunguliwa kipande kwa kipande. Januari 2013 wakafaulu kuwasha sehemu yake moja, ile inayoendesha pampu za mafuta.

Walifaulu, naam, lakini injini yenyewe ilikuwapo ya kufunguliwa. Kwetu haikuwapo koroboi hata moja. Za baba nilizitupa kwa mikono yangu, siku mama alipoingiziwa umeme kijijini.

Jumamosi iliyofuata nikamchukua binti yangu hadi Kamukunji, kwa fundi mmoja mzee wa kuunda masanduku ya wanafunzi. "Koroboi ya nini siku hizi?" akauliza. Tulipomweleza, akakata bati bila kupima. Kijibomba cha kwanza kikatoka kipana, utambi ukatumbukia ndani kama wangu. Mzee akakitazama kwa muda, akacheka kwa aibu. "Mikono imesahau." Kisha akaokota msumari wa nchi tatu, akauviringishia bati, akauchomoa. Kikakaa sawasawa.

"Kumbe ni msumari!" binti yangu akasema.

"Njoo ulehemu wewe, mama," mzee akamwambia, akimpa chuma cha moto.

Koroboi hiyo iko juu ya kabati la sahani. Inavuja kidogo upande alioulehemu binti yangu, kwa hivyo tunaiwekea kisosi chini.