Sanduku la Kufuli Tatu

Kila Jumamosi saa kumi jioni, uani kwetu Mabibo, sanduku la kikoba cha mama halikufunguliwa mpaka salio litajwe. Mwenyekiti aliuliza: wiki iliyopita tulifunga na shilingi ngapi? Wanawake 25 walijibu kwa sauti moja, na akitokea mmoja wa kutaja tofauti, hesabu ilirudiwa hapo hapo. Ndipo washika funguo watatu waliposogea, kila mmoja na kufuli yake. Hisa ilikuwa shilingi 2,000, mtu akinunua moja mpaka tano kwa wiki, na kila hisa iligongewa muhuri kwenye kitabu chake. Bibi muuza maandazi, ambaye hakujua kusoma, alishika kichwani hisa zake na za waliokaa kulia na kushoto kwake. Utaratibu huo ulikuwa na asili yake. Vikundi vya aina hii vilianza Niger mwaka 1991, kwa wanawake ambao wengi hawakusoma, na kumbukumbu ya wote ndiyo iliyokuwa daftari.

Mimi ndiye niliyewaletea Excel.

Mama alikuwa mweka hazina, nami nilimwonea huruma akikesha na kaunta buku, akikata mistari kwa kalamu nyekundu. Nilichokitaka ndicho alichokitaka Dan Bricklin alipokuwa mwanafunzi Harvard mwaka 1978. Alimwona mwalimu akikosea tarakimu moja ubaoni, kisha akalazimika kufuta na kuandika upya zote zilizoitegemea. Mwaka 1979 yeye na Bob Frankston wakatoa VisiCalc, programu ya majedwali: ukibadilisha tarakimu moja, nyingine zinajirekebisha zenyewe. Bado naona ni moja ya kazi nzuri kabisa zilizowahi kufanywa kwa kompyuta. Nikawaambia akina mama hakuna haja ya kukariri tena, salio limo humu. Bibi wa maandazi alinitazama, hakusema kitu.

Mzunguko uliofuata wakaingia wanachama watano wapya. Niliwaandika chini ya orodha. Jumla nilikuwa nimeiweka juu ya safu, na fomula yake ilikomea kwa mwanachama wa 25. Mwaka mzima watano wale walinunua hisa 600, majina yao yakionekana wazi kwenye faili, lakini hawakuhesabiwa.

Siku ya mgao sandukuni mlikuwa na shilingi 9,000,000. Faili lilisema hisa ni 3,000, kwa hiyo kila hisa ilistahili shilingi 3,000. Uani vigelegele vikapigwa, maana faida ilionekana nono kuliko mwaka wowote. Tukagawa kwa kufuata orodha. Tulipofika kwa wale watano sanduku lilikuwa tupu, nao wamesimama na vitabu vilivyojaa mihuri. Hisa halisi zilikuwa 3,600, na haki ya kila moja shilingi 2,500.

Waliozidishiwa walirudisha shilingi 500 kwa kila hisa. Baadhi walirudisha siku ile ile, wengine iliwachukua miezi, kwa kuwa pesa ilishakwenda kwenye ada na mabati. Wawili kati ya wale watano hawakurudi tena kwenye kikoba.

Oktoba 2020 nilisoma kwamba huko Uingereza watu karibu 16,000 waliokutwa na korona walikuwa wameachwa nje ya hesabu, kwa sababu faili la Excel la mtindo wa zamani linaishia mistari 65,536 na waliozidi walidondoka bila mtu kuona. Niliisoma habari hiyo mara mbili, na nilichokuwa nakiona ni nyuso za wale watano.

Fomula niliirekebisha zamani, na faili halijakosea tena. Siku hizi mama hupiga picha ya jedwali na kuituma kwenye kundi la WhatsApp, wanachama wanajibu kwa kidole gumba, na mkutano umekwisha kabla chai haijapoa. Mwezi uliopita nilimkuta akichagua mchele, nikamuuliza kikoba kina shilingi ngapi. Zamani angenitajia bila kuinua macho kwenye ungo. Alifuta mikono kwenye kanga, akaanza kutafuta simu.