Usiifute Folda Hiyo

Mpwa wangu Saidi,

Sisi huku Tanga hatujambo. Bibi yako miguu inamsumbua kama kila masika, na mengine mama yako atakusimulia. Kilichonikalisha kuandika ni maneno ya dada yako. Anasema ile fayawoli aliyowawekea jirani kwenye kompyuta ya nyumbani imekuchosha kwa maswali yake, nawe umeapa Jumamosi hii utaingia kwenye Program Files uifute folda yake nzima. Kama hujaifuta, iache. Kama umeshaifuta, usiguse kingine mpaka umalize kusoma.

Kuichoka sikulaumu. Windows ina fayawoli yake, na mbili zikifanya kazi pamoja kwenye mashine moja huzozana. Itoe, una haki. Lakini programu ya aina hii haikai ndani ya folda yake tu kama mchezo wa karata. Hupachika madraiva yake kwenye njia ya mtandao ndani ya Windows, kila data inayotoka na kuingia ipite mbele yake. Ukifuta folda, madraiva na maandishi yake kwenye rejista yanaweza kubaki. Hapo utaona wi-fi imeunganishwa vizuri kabisa, na hakuna ukurasa hata mmoja unaofunguka. Halafu baba yako ataita fundi wa stendi, naye atapiga formati, na picha za harusi ya dada yako zitakwenda na maji.

Lakini hilo la mtandao kukatika lina dawa. Ninaloliogopa zaidi ni mashine kubaki bila mlinzi yeyote, wewe ukidhani umemaliza kazi.

Agosti 2003 nilikuwa fundi wa intaneti kafe moja hapa mjini. Palikuwa na kijana wa zamu mwenye cheti cha Nairobi. Mimi cheti sina, na mwenye duka hakuchoka kunikumbusha. Kijana yule alikerwa na fayawoli kama wewe, akaing'oa kwenye mashine zote. Windows XP ya siku zile ilikuja na fayawoli yake, ila ikiwa imezimwa, na yeye hakuiwasha. Basi ndizo siku mnyoo wa Blaster ulipokuwa ukizunguka dunia. Ule haukungoja mtu afungue barua pepe wala abofye kitu. Ulijaribu mlango wa mtandao namba 135, na mashine isiyo na kinga wala kiraka uliiingia wenyewe. Mzee mmoja alikuwa anamwandikia mwanawe Muscat, mara kikatokea kisanduku: mashine itajizima baada ya sekunde 60. Akabaki anazitazama zikipungua, barua yake haijatumwa. Mashine ya pili ikafuata, na ya tatu. Zikiwashwa, yaleyale. Kijana wa cheti alikuwa ameshika kiuno.

Nilichomoa nyaya zote za mtandao. Mashine iliyoanza kuhesabu niliiandikia “shutdown -a”, ikatulia. Nikawasha fayawoli ya XP kwenye kila moja, nikaweka kiraka ambacho Microsoft walikuwa wameshakitoa tangu Julai. Mwisho wa mwezi mwenye duka alimpandisha cheo nani? Mwenye cheti. Mwaka uliofuata, 2004, Microsoft wenyewe walitoa Service Pack 2 iliyowasha fayawoli bila kumngoja mtu. Sikuomba pongezi.

Kwa hiyo fanya hivi. Hamishia picha kwenye flashi kwanza. Wakati mtandao bado upo, nenda kwenye tovuti ya watengenezaji wenyewe wa fayawoli hiyo uone kama wana programu ndogo ya kusafisha mabaki, uipakue. Usichukue ya tovuti nyingine, maana huko wezi hutega. Tengeneza restore point. Kisha kata mtandao, ingia kwenye orodha ya programu ndani ya Settings, uchague Uninstall, uiache imalize. Washa mashine upya hata isipokuomba. Kabla ya kurudisha mtandao, fungua Windows Security utazame sehemu ya fayawoli. Kwa kawaida hujiwasha yenyewe mgeni akishaondoka, lakini usiamini kwa kusikia, itazame kwa macho yako.

Kama folda umeshaifuta, irudishe kutoka kwenye pipa la taka, au iweke programu upya juu yake, ndipo uiondoe kwa njia yake. Mtandao ukigoma hata baada ya hapo, fungua Command Prompt kama administrator, andika “netsh winsock reset”, uwashe upya. Hatua ya mwisho kabisa ni Network reset, nayo itasahau nywila za wi-fi, basi ziandike pembeni.

Masomo yako usiyaache kwa ajili ya kompyuta. Na swala.

Ukikwama nipigie baada ya Isha, simu uishike wewe mwenyewe. Baba yako bado anaamini kazi yangu ni kuchezea nyaya.

Mjomba wako,
Hamisi