Kukutana na Shujaa Njiani

Sifa ya mtu husafiri upesi kuliko mtu mwenyewe. Mkimbiaji akishinda katika mji wa mbali, jina lake hufika vijijini kabla yeye hajavua viatu. Watu wasiomjua hulitamka jina hilo kama la ndugu yao. Hukesha kwa ajili yake, hubishana kwa ajili yake, na akishindwa hula chakula chao bila ya hamu. Kisha siku moja, pasipo miadi wala matazamio, mmoja wa watu hao humwona shujaa wake dukani akinunua sukari, au barabarani akingoja gari. Moyo humwenda mbio na ulimi humkwama. Ni jambo gani linalompata?

Linalompata ni ugeni wa upande mmoja. Yeye anamjua mwenziwe tangu zamani: anaujua mwaka aliposhinda, dakika alizotumia, na goti lililomsumbua. Mwenziwe anaona uso mmoja tu katika nyuso nyingi. Katika urafiki wa kawaida ujuzi huongezeka pande mbili, kama mizani inayotiwa vitu huku na huku; hapa sahani moja imejaa na ya pili ni tupu. Kwa hiyo mshabiki huja kama mtu anayedai deni, na shujaa humpokea kama mtu anayekumbushwa deni asilolikopa. Hapo ndipo adabu inapohitajika. Yafaa mmoja aombe nini, na mwingine atoe kiasi gani?

Zamani mshabiki aliomba sahihi. Alitoa kalamu na kipande cha karatasi, na shujaa akaandika jina lake. Siku hizi huomba picha. Hujipanga ubavuni pa shujaa na kuinua simu. Si vema kuvidharau vitu hivi, kwa kuwa binadamu husahau, na kitu kidogo chaweza kuhifadhi furaha kubwa. Hata hivyo, iko tofauti baina yake. Aliyeomba sahihi alisimama akiutazama mkono wa mwenziwe ukiandika, na kwa muda huo mfupi alimtazama mtu. Aombaye picha humpa shujaa bega, na wote wawili hutazama kioo. Aghalabu mkutano huisha kabla haujaanza, na kinachobaki ni ushahidi wa kuwaonyesha wengine.

Katika michezo mingi mahali penyewe huwatenga watu hawa wawili. Uwanja wa mpira una uzio, na ulingo wa ngumi una kamba. Mkimbiaji wa masafa marefu hana kinga hiyo. Mazoezi yake huyafanya katika njia ya watu wote, pamoja na ng'ombe, baiskeli na watoto waendao shule. Jambo hili huonekana wazi katika Iten, mji mdogo wa Kenya ulio ukingoni juu ya Bonde la Kerio, kiasi cha mita 2,400 kutoka usawa wa bahari. Lango lililojengwa juu ya barabara latangaza kwamba hapo ni makao ya mabingwa, wala halisemi uongo. Alfajiri makundi ya wakimbiaji hupita katika njia za udongo mwekundu, na katika kundi moja huweza kuwamo mwenye medali ya dunia bega kwa bega na kijana asiyepata kushinda hata mbio za wilaya. Watoto huwafuata hatua mia mbili au tatu, kisha hucheka na kurejea. Mwenye kuuza mboga hainui macho. Wenyeji hawamshangai bingwa, maana humwona kila siku akitoka jasho. Waliijua gharama ya sifa yake kabla ya kuisikia sifa yenyewe. Atetemekaye ni mgeni aliyetoka mbali.

Katika nyanda hizo za juu, upande wa Nandi, ulitokea mkutano mmoja ustahilio kufikiriwa. Patrick Sang alikuwa mtu mashuhuri kwao. Alikuwa amepata medali ya fedha katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji kwenye Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992. Mwaka 2001 kijana jirani wa miaka 16 alimwendea. Alichotaka kilikuwa kimoja tu: apangiwe mazoezi. Sang akampa ya siku chache. Kijana akayafanya, akarudi kutaka mengine. Akapewa, akayafanya, akarudi tena. Kwa muda Sang hakulijua hata jina lake. Alipokuja kuuliza, alitambua kwamba ni mtoto wa mwalimu aliyemfundisha yeye mwenyewe alipokuwa mdogo. Jina la kijana lilikuwa Eliud Kipchoge.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 2003, huko Paris, Kipchoge alishinda ubingwa wa dunia wa mita 5,000 akiwa na miaka 18. Alishinda marathoni ya Olimpiki mara mbili, mwaka 2016 na mwaka 2021. Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, alikuwa mtu wa kwanza kumaliza masafa ya marathoni chini ya saa mbili, kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, ingawa mbio zile hazikuhesabiwa kuwa rekodi kwa namna zilivyoandaliwa. Sang alikuwa mkufunzi wake muda wote huo.

Laiti kijana yule angeomba sahihi, angeipata, na mambo yangekwisha siku ile ile. Aliomba kazi, na kazi ina tabia ya kumrudisha mtu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Pengine itasemwa kwamba si kila mshabiki aweza kuwa Kipchoge. Ni kweli. Fundi cherehani hana haja ya mazoezi ya mkimbiaji. Lakini aweza kuuliza mtu huinukaje asubuhi ambayo miguu inakataa, na jibu akalitumia mbele ya cherehani yake. Swali la namna hiyo humheshimu shujaa zaidi ya sifa mia, kwa sababu humchukua kuwa mwalimu. Sehemu ya Sang nayo isisahauliwe. Alitoa kidogo alichokuwa nacho, kwa mtu asiyemjua jina, bila ya kujua kitazaa nini.

Njia iliyo wazi kwa mapenzi ni wazi pia kwa ubaya. Tarehe 29 Agosti 2004, mjini Athens, Vanderlei de Lima wa Brazil alikuwa anaongoza marathoni ya Olimpiki, masafa yaliyosalia yakiwa machache. Mtu mmoja alitoka pembeni, akamshika, akamsukumia katika umati. Alitaka walimwengu wamtazame yeye na mambo yake, akaitumia njia ya mtu mwingine. Mtazamaji mwingine, Mgiriki, alijitosa akasaidia kumkwamua. De Lima akaendelea, akapitwa na wawili, akapata medali ya shaba, na aliingia uwanjani amenyosha mikono kwa furaha. Watazamaji wawili walimgusa mkimbiaji mmoja katika muda wa nukta chache. Mmoja alijitafutia nafsi yake, na wa pili alitafuta mkimbiaji arudi njiani. Kila mshabiki amkaribiaye shujaa hubeba mbegu za watu hao wawili.

Uko na mkutano usiohitaji mkono wala neno. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika Mji wa Mexico, John Stephen Akhwari wa Tanganyika ya zamani, wakati huo Tanzania, aliumia goti katika marathoni. Mamo Wolde wa Ethiopia alikwisha kushinda zaidi ya saa moja kabla yake. Watu wengi walikuwa wamekwenda zao, na giza lilikuwa limeingia, alipotokea Akhwari amefungwa bendeji, akichechemea kuimaliza njia. Waliobaki vitini hawakujua wanamngojea nani. Kukaa kwao tu kulikuwa ukarimu, na walilipwa kwa kumwona mtu wa mwisho ambaye jina lake limedumu kuliko majina ya wengi waliomtangulia.

Kwa hiyo bahati ya kukutana haimtoshi mtu. Yampasa awe na jambo la kufanya nayo. Anayekuja kuchukua mwanga wa mwingine huondoka na kivuli kwenye karatasi au kioo. Anayekuja kujifunza, kusaidia, au kungoja tu, huondoka na kitu kinachoweza kutumika kesho yake. Naye shujaa akijibu kwa ufupi kwa sababu amechoka, asihesabiwe kuwa na kiburi. Mwili uliowafurahisha watu wengi hauna budi kulala, na njia anayopita ni yake pia kama ilivyo ya kila mpitaji.