Gari la Raha kwa Mfuko Mdogo: Kutoka Yadi za Ngong Road Hadi Mteremko wa Mai Mahiu

Ukitaka kujua ni watu wangapi jijini Nairobi wanaota ndoto moja, tembea kando ya Ngong Road Jumamosi asubuhi, pale yadi za magari zilipopangana. Utawaona akina baba wakiwa wamewashika watoto mikono, na vijana wa vyuo wakitembea wawili wawili, wote wakijifanya wanapita tu. Macho yao hayako kwenye yale magari ya familia yaliyooshwa na kupangwa mbele. Yako kule nyuma, karibu na ukuta, ambako mwenye yadi ameegesha Subaru moja ya buluu yenye tundu la hewa juu ya boneti na bomba la moshi ambalo ngumi ya mtu mzima inaweza kuingia.

Ndoto hiyo tumeirithi. Nchi hii ilianza mashindano ya Safari Rally mwaka wa 1953, na tangu hapo kila kizazi kimekuwa na gari lake. Wazee wetu walimshangilia Joginder Singh aliposhinda kwa Volvo mwaka wa 1965, kisha kwa Mitsubishi Lancer mwaka wa 1974 na 1976. Sisi tuliokuwa shule ya msingi mwaka wa 1997 tulimwona Colin McRae akishinda kwa Subaru Impreza, na hadi leo rangi ile ya buluu haijatutoka akilini. Mashindano yaliporudi katika ligi ya dunia mwaka wa 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, watoto wa watoto wa wale mashabiki wa Joginder walijaa Naivasha wakimeza vumbi kwa furaha.

Ugonjwa huo ulinipata nami. Mwaka wa 2015 nilichukua mkopo wa shilingi 650,000 kwenye chama cha akiba na mikopo, nikanunua Subaru Legacy yenye turbo kutoka yadi ambayo sitaitaja jina. Lilikuwa gari tamu ajabu! Kwa muda wa wiki saba nilikuwa malkia wa barabara. Wiki ya nane, nikipanda kuelekea Limuru, nilisikia sauti kama ya punje za mahindi zikitikiswa ndani ya debe. Nikatazama kioo cha nyuma, nikaona moshi wa samawati umeifunika barabara yote.

Fundi aliyelifungua alinionyesha kitu kidogo kuliko subana ya mshonaji. Ni kichujio cha waya kilichomo ndani ya boliti inayopitisha oili kwenda kwenye turbo. Mtu aliyelimiliki gari kabla yangu hakuwa akibadilisha oili kwa wakati, masizi yakaziba kile kichujio, turbo ikakosa oili, ikajisaga, na vipande vyake vikaingia kwenye injini. Nililipa mkopo ule miaka mitatu. Kila mwisho wa mwezi mshahara wangu ulikatwa kwa ajili ya gari lililokuwa limekwisha kuvutwa hadi nyumbani kwa mama, Kinangop, ambako kuku waliligeuza kuwa banda lao. Wako humo hadi leo.

Sasa utaelewa kwa nini moyo ulinidunda mwezi uliopita ndugu yangu mdogo, kitindamimba wetu, aliponipigia simu. Ana miaka 26, ameajiriwa miaka minne, na kwa kujinyima amefikisha shilingi 700,000. "Dada," aliniambia, "nimepata gari. Ni Impreza. Njoo tu ulione kabla sijalipa."

Nilimwomba kitu kimoja, kwamba tufike saa moja asubuhi, bila kumwarifu muuzaji.

Broka alikuja mbio akifunga vifungo vya shati. Nilipoweka kiganja juu ya boneti nilikuta ina joto. Hapo ndipo pa kuanza kuwa macho, msomaji wangu. Injini iliyochoka huficha maradhi yake ikisha kupata moto, nayo huyasema wazi ikiwa baridi, kwa moshi wa kuwashia na kwa vigongo vya chuma. Muuzaji anayelipasha gari moto kabla hujafika anajua jambo ambalo wewe hulijui. Tulikaa pale tukinywa chai ya kibandani hadi likapoa, saa mbili nzima, huku broka akituhesabia wateja wengine waliokuwa "njiani kuja na pesa taslimu". Hakufika hata mmoja.

Lilipowashwa tena, bomba lilitoa moshi wa samawati kwa muda mfupi, kisha ukaisha. Chini ya kifuniko cha oili mlikuwa na utando mweupe kama maziwa mgando, dalili kwamba huenda maji yanakutana na oili mahali yasipopaswa. Magurudumu manne yalikuwa ya kampuni nne. Kwenye dashibodi taa ya kuonya kuhusu injini haikuwaka hata pale ufunguo ulipozungushwa mara ya kwanza, ilhali taa hiyo inapaswa kuwaka kidogo kisha izimike. Isipowaka kabisa, fahamu kwamba ama imeungua ama kuna mtu aliyeing'oa makusudi. Ndugu yangu alikuwa akiyaona hayo yote, lakini mkono wake bado ulikuwa ukilipapasa lile tundu la boneti.

Unapaswa kukumbuka pia jinsi magari haya yalivyofika hapa. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hivyo Impreza ya mwaka wa 2003 unayoiona leo haikushuka Mombasa juzi. Imekaa nchini zaidi ya miaka kumi, imepitia mikono mitano au sita, na aghalabu mikono hiyo ilikuwa ya vijana walioinunua kwa sababu ile ile unayoitaka wewe.

Kutoka Ngong Road tulishuka katikati ya jiji hadi Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan. Kama hujafika huko, vaa viatu usivyovihurumia. Oili imeingia ardhini miaka mingi hata udongo unang'aa, na kila hatua mbili mtu anakuuliza unatafuta nini. Milango ya magari imetundikwa kama nyama buchani. Nilimpeleka ndugu yangu kwa mzee mmoja ambaye amefungua injini tangu enzi za Datsun, na ambaye mwaka ule wa balaa langu alikataa kunitoza pesa za kuchunguza mabaki.

"Mwanangu," mzee alimwambia kijana, "gari ukisha kulinunua hulipi mara moja. Kwanza niulize linakula nini."

Akamtuma azunguke maduka mwenyewe na karatasi, aulize bei ya turbo iliyotumika, klachi, mkanda wa taimingi pamoja na pampu ya maji, shokabsoba, breki na magurudumu manne ya aina moja. Alirudi baada ya saa moja, uso umebadilika. Jumla ilipita shilingi 240,000. Gari lenyewe liliulizwa 680,000.

Ningependa uikate karatasi hiyo na kuibandika mahali. Ikiwa una laki saba, usitafute gari la laki saba. Tafuta la laki tano au tano na nusu, na salio ulikalie kama kuku akaliavyo mayai, kwa maana gari lolote la mbio lenye umri huo litakudai ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Na fanya alivyofanya ndugu yangu, uliza bei ya vipuri kabla ya kuuliza bei ya gari.

Ni haki niseme kwamba turbo ina hoja yake hapa kwetu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Limuru imepita mita 2,200. Hewa ya huku juu ni nyepesi. Injini ya kawaida, isiyo na turbo, hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda. Turbo husukuma hewa ndani kwa nguvu na hivyo kufidia. Ndiyo maana gari lililokuwa hodari Mombasa huonekana limelala likifika Rironi. Lakini turbo mgonjwa haifidii chochote isipokuwa pato la fundi.

Mzee alitaja magari mengine. Golf GTI ya miaka ya 2004 hadi 2009, yenye nguvu za farasi 200, ni gari zuri sana kuendesha, ila lina kikombe kidogo cha chuma kinachosukuma pampu ya petroli. Kikiisha bila kuangaliwa, hula kijiti kinachokisukuma, na gia zake za otomatiki zinataka oili maalumu kila kilomita 60,000, jambo ambalo wamiliki wengi hulisahau. Toyota Altezza alilitaja kwa tabasamu. Yako mawili yenye sura moja. Moja lina injini ya silinda nne yenye nguvu za farasi 210, na jingine lina silinda sita na nguvu 160 tu, wala broka hatakueleza lipi ni lipi. Kwa mwenye mfuko mwembamba zaidi kuna Suzuki Swift Sport, ile ya injini ya 1,600 yenye nguvu 125. Usicheke. Lina uzito wa kilo 1,000 na kidogo, na gari jepesi lenye gia za mkono hukupa raha ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, mwendo ambao sheria inakubali mjini, ilhali Impreza kwa mwendo huo inasinzia.

Hatimaye akataja lile ambalo hatukulitarajia, Toyota RunX. Ndugu yangu alikunja uso. RunX si ndiyo gari la mwalimu mkuu na karani wa benki? Ndiyo, nyingi ni za injini ya 1,500. Lakini kati ya 2001 na 2006 Toyota ilitengeneza pia RunX ya 1,800 yenye injini ya 2ZZ, iliyoundwa pamoja na Yamaha, ile ile iliyotiwa kwenye Lotus Elise. Ina nguvu za farasi 190, gia sita za mkono, na haina turbo wala mkanda wa taimingi, maana inatumia mnyororo. Hata ukiitoza ushuru wa hewa ya Nairobi, zinabaki nguvu kama 160 hivi za kusukuma gari la kilo zisizofika 1,250.

Tahadhari tu, kibandiko cha herufi Z kinauzwa popote. Angalia namba ya chesisi. Ikianza na NZE121 hiyo ni ya 1,500 iliyovishwa kilemba cha ukoka. Unayoitaka huanza na ZZE123. Na injini za mwanzo mwanzo zilikuwa na boliti mbili dhaifu zinazoshikilia mikono ya vali. Zikilika, gari halibadiliki sauti likipita mizunguko 6,000 hivi. Kuzibadilisha si gharama kubwa, lakini nyamaza hadi wakati wa kupatana bei.

Wiki mbili baadaye tulipata moja mjini Kikuyu, kwa mwalimu mstaafu aliyekuwa na risiti za oili kwenye bahasha. Injini ilikuwa baridi kama jiwe. Tukamwomba aje nasi hadi Mai Mahiu na kurudi, yeye akiwa kiti cha mbele.

Barabara ile iliyojengwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita Vikuu vya Pili ni mwalimu mkali wa magari. Si mahali pa mbio, nasema hivyo kwa herufi kubwa! Malori ni mengi, ukingo ni mwembamba, na waliopotezea maisha pale ni wengi mno. Lakini ukiteremka polepole nyuma ya lori, ukiona Longonot mbele yako na bonde limetandazwa chini kama mkeka, breki zinakuambia ukweli wake wote. Usukani ukitetemeka unajua diski zimepinda. Tuligeuka kwenye lile kanisa dogo la Waitaliano la mwaka wa 1942, tukanunua mahindi ya kuchoma, kisha tukapanda. Nilikuwa nimekaa nyuma, na macho yangu hayakutoka kwenye mshale wa joto. Ulisimama katikati hadi juu. Mahali palipokuwa wazi, ndugu yangu aliliachilia kidogo kwa gia ya pili, na ile sauti ikabadilika ghafla, kali na safi. Mwalimu alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Bado linaimba," alisema.

Lilitoka kwa shilingi 540,000. Kabla ya hapo tulipekua rekodi za gari kwenye mtandao wa NTSA ili kuhakikisha haliko rehani kwa mkopo wa mtu, na pesa zilipitia benki siku ile ile mwalimu alipoanzisha uhamisho wa umiliki. Zilizobaki zilinunua magurudumu, breki na oili. Mzee wa Kirinyaga Road alizibadilisha zile boliti mbili bila kuulizwa.

Jumapili iliyofuata tulimpelekea mama alione. Alilizunguka mara mbili, akachungulia nyuma kuona kama gunia la viazi litaingia, kisha akaenda kuwafukuza kuku wangu waliokuwa wamekwisha kulisogelea.