Barua kwa Mpwa Wangu Aliyekwenda Kula kwa Wathai

Mikindani, Mtwara

Kwako mpwa wangu mpendwa,

Sisi huku hatujambo. Mama yako mguu umepungua uvimbe, na korosho zimeanza kudondoka, kwa hiyo ukipiga simu mchana usishangae kutopokelewa. Watu wako shambani.

Barua yako nimeisoma. Umesema mlikwenda watu saba kula kwenye mgahawa wa Wathai karibu na chuo chenu huko Birmingham. Meza chache, mama yuko jikoni, baba anapokea fedha, na mtoto wa shule ndiye aliyewaletea maji, daftari lake la hesabu likiwa wazi mezani. Chakula kikachelewa, sahani yako ikakuunguza ulimi, mkaondoka mmenuna. Sasa unaniuliza kama pana haja ya kurudi.

Rudi, mwanangu. Ila kwanza nisikilize, maana mimi na mkaza mjomba wako tuliendesha mgahawa hapa Mikindani, na mambo ya upande wa jikoni nayajua.

Mgahawa wa familia hauna kikosi cha wapishi. Kila sahani hupita mikononi mwa mtu mmoja. Vyakula vingi vya Kithai hukaangwa kwenye karai, harakaharaka, kwa moto mkali, na kwa kiasi kidogo ili visichemke katika maji yake. Ninyi mlikuwa saba, mkaagiza vitu saba tofauti. Hapo mama wa watu aliosha karai na kuanza upya mara saba. Angewahi vipi?

Na ninyi ndio mliokwenda kinyume na desturi yao. Wathai huagiza vitoweo vichache vya kuwekwa katikati: mchuzi wa tui, kitu cha kukaanga, samaki, labda na saladi ya papai bichi. Kila mtu huwa na wali wake, na vingine vyote ni vya wote. Wewe umelelewa kwenye sinia. Unajua kwamba mtu hula mbele yake, na kwamba mnofu mzuri husukumiwa mgeni na mtoto. Adabu hiyohiyo ipeleke kwa Wathai. Chota kijiko kimoja au viwili vya kitoweo kimoja kwa kijiko cha kupakulia, ule, kisha ndipo uende kwenye kingine. Kijiko chako kiwe mkono wa kulia, uma mkono wa kushoto. Uma ni wa kusukumia chakula kijikoni, hauendi mdomoni. Kisu usikiulize, nyama imekwisha kukatwa jikoni. Vijiti navyo, kwao ni vya tambi, kwa hiyo usiviombe kwenye wali ili uonekane mjuzi.

Haya sikuyapata kitabuni. Miaka ya 1990, Tunduru ilipofurika watu kwa ajili ya yakuti, nilikuwa napeleka huko papa mkavu na dagaa kutoka Mtwara. Wathai na watu wa Sri Lanka walikuwa wamefungua ofisi za kununua mawe. Mthai mmoja alikuwa mteja wangu, na alikuwa akijipikia mwenyewe. Siku moja akanipa orodha ya vitu vya kumtafutia: nazi, ukwaju, tangawizi, mchaichai, ndimu, pilipili mbuzi. Nikamwambia, bwana, hii ni orodha ya mama yangu. Akacheka, akanikaribisha, akanifundisha kula kwa kijiko na uma.

Nimekaa nikafikiri sana juu ya orodha ile. Ukwaju asili yake ni Afrika, na leo ndio unaotia ukali kwenye tambi zao. Nazi ilitoka pande zao za Asia, ikavuka bahari hadi kwetu. Pilipili na mkorosho vyote vilitoka Amerika, Wareno wakavieneza pwani yetu na Asia. Ukiona kuku wa korosho kwenye orodha yao, agiza. Korosho zetu nyingi husafirishwa zikiwa ghafi kwenda India na Vietnam, zikabanguliwe huko na kuuzwa duniani. Huenda punje utakayoitafuna imetoka Newala kwa kina baba yako. Kwa hiyo usiingie pale kama mtu aliyepotea njia.

Kuhusu pilipili, sema kabla ya kupikiwa. Ikikuzidi, kimbilia wali, maji hayasaidii. Mezani huwa pana vikopo vinne: sukari, unga wa pilipili, siki yenye pilipili, na sosi ya samaki. Vimewekwa ili kila mlaji arekebishe ladha yake, hasa kwenye tambi, na mpishi hachukii ukivitumia. Lakini onja kwanza.

Sasa la dini, usilipite juujuu. Sheria ya Uingereza inawataka wenye migahawa wawaeleze wateja kuhusu vitu 14 vinavyodhuru baadhi ya watu, kama karanga, samaki na kamba. Nyama ya nguruwe haimo katika vitu hivyo 14, kwa hiyo usipouliza unaweza usiambiwe. Nguruwe wa kusagwa huingia hata kwenye sahani iliyoandikwa jina la mboga. Kuku naye si lazima awe amechinjwa kwa halali. Uliza, na uliza pia kama karai ni hilohilo linalopikiwa nguruwe. Majibu yasipokuridhisha, waombe samaki wa kuchemshwa kwa mvuke na wali. Sosi yao ya samaki isikutishe, ni visamaki kama dagaa na chumvi, vikaachwa miezi mingi vichachuke. Ila ukienda na rafiki asiyekula nyama wala samaki mwambie, maana sosi ile hutiwa karibu kila mahali.

Maswali kama haya yanataka nafasi. Nenda siku ya katikati ya wiki, saa kumi na moja jioni, kabla ya watu kujaa. Mama atatoka jikoni akujibu mwenyewe. Chakula kikiwa na kasoro, mwambie kwa sauti ya chini ukiwa hujakimaliza, wala usimpigie kelele yule mtoto. Binamu zako walikulia chini ya meza zetu. Mtoto huwekwa pale ili mzazi amwone akisoma.

La mwisho ndilo zito. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mwenye mgahawa huponea fedha za mgeni, na mkizoeana utashawishika kulisahau hilo. Utaitwa kwa jina, utaongezewa matunda bure, na siku mfuko umekauka utataka kusema, “Mama, niandikie, nitalipa wiki ijayo.” Usiseme. Mgahawa wetu ulistahimili wateja wakali na miezi ya mvua isiyo na watu. Walioufunga ni jamaa. Huyu kaka, yule jirani, mwingine tulisoma naye. Kila mmoja sahani moja ya mkopo, na hakuna aliyejiona mdeni, kwa sababu alikuja na salamu na kucheka na watoto. Daftari la madeni bado liko kabatini, na mkaza mjomba wako hataki lifunguliwe.

Kwa hiyo urafiki wao ulipe kwa kurudi mara kwa mara na kwa kuleta watu, na chakula ukilipe siku ileile, chote. Huko watu huongeza asilimia 10 au 12.5 ya huduma. Angalia kwanza kama haimo kwenye bili tayari, nawe usione uchungu kuitoa. Ukiwa huna, pika ugali chumbani kwako, hakuna atakayekucheka.

Ukienda, niandikie samaki wao wanamtia ndimu au ukwaju. Mkaza mjomba wako ameshanunua changu wa kujaribia, na anasema hatangoja sana.

Wasalaam,
Mjomba wako