Nyongeza ya Mwisho

Kompyuta ile ilikuwa kuukuu tangu siku ilipoingia Majengo. Kaka yangu mkubwa aliinunua Dar es Salaam ikiwa imeshatumika huko ilikotoka, akaipakia kwenye basi imeviringishwa blanketi, akaiweka kwenye steshenari yake ili tuchape barua za maombi ya kazi, kadi za harusi na mitihani ya shule. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo yangu si ya kutangaza, na mama alikuwa ameanza kutaja useremala kila tulipokaa kula. Kaka akasema, "Mwache aje anisaidie dukani." Ndivyo nilivyopata kazi, na ndivyo nilivyopata pa kuandikia riwaya.

Ndani yake tulikuta gemu. Nani aliiweka, hatukujua. Ilikuwa Heroes of Might and Magic III ya mwaka 1999, pamoja na nyongeza zake mbili: Armageddon's Blade ya mwaka huohuo, na The Shadow of Death ya mwaka 2000, yaani Kivuli cha Mauti, ambayo ndiyo ya mwisho waliyoitolea gemu hiyo wenyewe walioibuni, New World Computing wa Marekani. Vijana wa mtaani waliozoea mpira wa PlayStation wakaiona wakacheka. Picha za kizee, halafu watu hawakimbii! Ni kweli, hakuna anayekimbia. Una shujaa wako juu ya farasi, unamsogeza hatua alizo nazo kwa siku hiyo, unateka mgodi, unajenga mji, unaajiri wapiganaji, halafu basi, zamu ya mwenzako. Siku saba zikitimia wanazaliwa wapiganaji wapya. Mkikutana vitani ni hesabu tupu, kama bao la kete.

Mwenzangu alikuwa kijana wa jirani, mtoto wa fundi cherehani. Nitamwita Swahiba, maana jina lake si langu kulitangaza. Tulicheza duka likishafungwa, kwenye kiti kimoja, kwa kupokezana: akicheza yeye mimi natoka barazani nisione mipango yake, nikicheza mimi naye anatoka. Na baridi ya Songea mwezi wa sita mnaijua! Unasimama nje umejikunyata, mtu yuko ndani anafikiri robo saa nzima.

"We, umelala?"

"Tulia bwana, vita haina haraka."

Umeme nao ulikuwa na zamu zake. Kabla ya mji wetu kuungwa kwenye Gridi ya Taifa mwaka 2018 tulitegemea mashine za dizeli, na mashine zikikohoa, giza. Tulijifunza kuhifadhi mchezo kila baada ya hatua mbili tatu. Riwaya sikuwa naihifadhi hivyo. Yaani ilikuwa mle ndani ya kompyuta, lakini mle tu, hapakuwa na nakala nyingine. Flashi nilisema nitanunua mwisho wa mwezi, na miisho ya mwezi ikapita mingi.

Riwaya yenyewe ilihusu mzee wa Kingoni aliyekwenda kufanya kazi mashamba ya mkonge huko Tanga, kama walivyokwenda wengi wa huku zama za mkoloni, akarudi baada ya miaka mingi akakuta mkewe ameolewa na mtu mwingine. Nilifika ukurasa wa 143 nikakwama. Mzee amesharudi, amekaa chini ya mwembe, sasa afanye nini? Nikamkalisha pale miezi miwili.

Kilichonikwamua ni ile nyongeza. Katika gemu kuu, Malkia Catherine anarudi nyumbani kumzika baba yake, Mfalme Gryphonheart, anakuta nchi imevamiwa na baba mwenyewe amefufuliwa, anaongoza majeshi ya wafu. Ungedhani nyongeza ya mwisho itasonga mbele. Wapi! Inarudi nyuma, kabla mfalme hajafa, inamfuata mchawi wa wafu aitwaye Sandro. Huyu bwana anawatuma Gem na Crag Hack, kila mmoja kwa njia yake, wamtafutie vipande vya zana za kale. Kila mmoja anaamini anafanya kazi ya halali. Kumbe wanamuungia mchawi silaha, kipande kwa kipande.

Swahiba hakupendezwa. "Nyongeza gani hii? Hata mji mpya hamna." Na kweli, Kivuli cha Mauti haikuongeza mji, ilibaki na tisa ilizozikuta. Mimi usiku ule sikulala. Nilimwona mzee wangu chini ya mwembe nikajua kosa langu: sikuwahi kuuliza nani alimtuma Tanga, na aliyemtuma alipata nini.

Wiki hiyohiyo kompyuta ikaanza kujizima. Ikapelekwa kwa fundi mmoja wa mjini, ikarudi kesho yake. "Imepona, nimeisafisha yote." Nikaiwasha. Safi kweli, kama sahani ya mgeni. Gemu hakuna, kurasa 143 hakuna. Kaka aliniangalia akanunua soda mbili, moja akanipa, hakusema neno. Mama ndiye aliyesema: "Mwanangu, si uandike tena? Kwani umesahau?" Nilimkasirikia siku tatu.

Baadaye nikasoma kwenye simu kwamba hata wakubwa yaliwapata. Kampuni ya 3DO, iliyokuwa ikimiliki New World Computing, ilifilisika mwaka 2003, Ubisoft wa Ufaransa wakanunua haki za gemu. Mwaka 2015 walipoitoa upya kwa picha zilizong'arishwa, nyongeza zote mbili hazikuwamo: maandishi ya programu zake yalikuwa yamepotea. Kampuni yenye mawakili! Nami nilikuwa najichukia kwa ajili ya flashi. Mashabiki, hasa wa Urusi, walikuwa wameshatoa nyongeza yao wenyewe mwishoni mwa mwaka 2011, Horn of the Abyss, na mji wa maharamia ndani yake. Ile ya mwisho ikawa si ya mwisho tena.

Nikanunua kaunta buku. Nimeanzia kijijini, siku anapofika mtu wa kuandikisha manamba.

Swahiba yuko Tunduru siku hizi, kwenye madini. Juzi nikakumbuka kwamba nilimpa sura ya kwanza nyuma ya fotokopi zilizoharibika. Nikampigia.

"Ninazo," akasema, "ila mbili nimewashia mkaa. Usinune, zilikuwa za maelezo ya mvua." Akanisomea ukurasa mzima, mtandao unakatikakatika. Halafu akauliza, "Na mchezo wetu ule, ilikuwa zamu ya nani?"

"Yako."

"Basi nilikuwa nashinda."

Hakuwa anashinda hata kidogo.